Nimealikwa chakula kwa Wahindi hapa Pune, nikachovya chapati kwenye bakuli, meza nzima ikanyamaza. Nilikosea wapi?

#1 MtotoWaKibosho
Wakuu, habari za wakati huu. Niko Pune, jimbo la Maharashtra, mwezi wa tatu sasa, nasoma. Jumapili iliyopita rafiki yangu wa darasani alinikaribisha kwao chakula cha mchana. Ni Wahindu, wanaongea Kimarathi. Nyumbani wanaishi bibi, baba, mama, yeye na mdogo wake. Walinipokea kama mtoto wao. Viatu nilivua mlangoni, nikanawa, nikakaa.

Kikaletwa chakula: chapati, wali, dengu, mtindi, achari ya embe, na katikati bakuli kubwa la biringanya lenye mchuzi mzito. Nikamega chapati, nikang'ata, kipande kilichobaki nikakichovya kwenye lile bakuli la katikati. Kwetu ni jambo la kawaida kabisa. Maongezi yakakatika. Baba akasema kula, kula. Lakini lile bakuli hakuna aliyeligusa tena, na mama akaenda jikoni akarudi na bakuli lingine.

La pili, huyo mama hakukaa mezani hata dakika moja. Alikuwa anazunguka anatuongezea chapati za moto. Hata tulipomaliza sikumwona akila. Nimelala nalo wiki nzima. Rafiki yangu kila nikimuuliza anasema hamna shida. Jumapili hii nimealikwa tena. Wenye uzoefu nisaidieni, sitaki kumuudhi yule mama.

#2 KobeMzee
Mkono gani ulitumia?

#3 MtotoWaKibosho
Wa kulia, mkuu. Hilo nililijua tangu kwa bibi yangu Kibosho.

#4 NesiMstaafu
Mwanangu, kosa lako linaitwa jhutha. Ndivyo wanavyosema kwa Kihindi, na hao wa Pune kwa lugha yao wanasema ushta. Ni chakula ambacho mate ya mtu yameshakifikia. Ukishang'ata kipande, kile kilichobaki mkononi ni chako peke yako, na chochote kinachogusana nacho ni chako pia. Ulipochovya, bakuli lote likawa lako.

Nilimpeleka dada yangu Chennai kwa upasuaji, tukakaa wiki sita, nikajifunza kwa kutazama. Chumba chetu tulikuwa na familia mbili nyingine. Chupa moja ya maji ilizunguka kwa watu wanne, kila mmoja anainua kichwa, anamimina maji kutoka juu, mdomo haugusi chupa. Mimi siku ya kwanza nilinywa kama tunywavyo. Yule mama mwenye chupa hakusema kitu, akanipa ile chupa niwe nayo.

Jumapili subiri upakuliwe. Wakikuachia ujipakulie, chukua upawa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshashika chakula. Usishangae, kula chakula kwa mkono wa kushoto ndiyo aibu. Kushika upawa au glasi kwa kushoto, huku kulia kuna mchuzi, kunaruhusiwa.

#5 MtotoWaKibosho
Asante sana mama. Kumbe ndiyo maana bakuli lilihamishwa.

#6 Mzizi_Mkavu
Nesi kaeleza vizuri ila kaacha mzizi. Hili si la adabu tu, ni la tabaka. Kwa karne nyingi mtu wa tabaka la juu hakupokea chakula kilichopikwa au kuguswa na wa chini, na hata kula pamoja ilikuwa mwiko. Ambedkar, aliyeongoza kuandika katiba yao, alizaliwa katika tabaka lililobaguliwa hivyo na alipigania hata haki ya watu wake kuchota maji kwenye bwawa la umma kule Mahad mwaka 1927. Katiba yao ya 1950 ilifuta huo ubaguzi kisheria. Jhutha ni mtoto wa mawazo hayo hayo ya usafi na unajisi. Tusipambe.

#7 DawaYaMoto
Mzizi_Mkavu hapo #6, sikatai historia, lakini mbona jhutha ipo hata kati ya ndugu wa tabaka moja, nyumba moja? Mimi nimesoma Hyderabad miaka minne. Rafiki yangu alikuwa hampi hata kaka yake kipande alichong'ata. Nchi ya joto, watu wengi, kipindupindu kimepita hapo mara ngapi. Mate yanabeba magonjwa. Wazee waliona, wakaweka mwiko.

#8 Mzizi_Mkavu
Na mbona mke wa zamani alikula kwenye sahani ya mumewe baada ya mume kumaliza? Mate ya mume hayakuwa na magonjwa? Na makombo ya sadaka ya hekaluni yanapokewa kwa mikono miwili. Ni suala la nani yuko juu ya nani.

#9 DawaYaMoto
Ile ya hekaluni haiitwi jhutha, inaitwa prasad. Ni baraka.

#10 Mzizi_Mkavu
Ndiyo ninachosema. Cha aliye juu yako ni baraka, cha aliye sawa nawe au chini ni uchafu. Virusi havijui cheo.

#11 BintiMakadara
Salaam aleikum. Ngojeni kidogo, mnasema Wahindi kana kwamba ni nyumba moja. Mie nimekulia Mombasa, majirani zetu ni Mabohora, nao ni Wahindi asili ya Gujarat. Hawa wanakula sinia moja! Wanaita thaal, sinia kubwa juu ya kigoda, watu wanane wanaizunguka, vichwa vimefunikwa. Kwanza linaletwa birika na beseni, mnanawishwa pale pale mlipokaa. Kisha kila mtu anaonja chumvi. Halafu kitu kitamu, halafu cha chumvi, tena kitamu, tena cha chumvi, na mwisho chumvi tena. Hamna mtu kuanza peke yake, wala kuinuka amewaacha wenzake.

Kwa hiyo ukienda kwa Mbohora ukaomba sahani yako, wewe ndiwe utakayewashangaza.

#12 KobeMzee
Hapo BintiMakadara umesema kweli. Hata neno Baniani tunalowaita Wahindu wote ni kosa. Bania ni jamii ya wafanyabiashara, wengi wao wa Gujarat na Rajasthan. Rafiki wa huyu kijana ni Mmarathi. Ni kama kumwita kila Mtanzania Mchaga kwa sababu ana duka.

#13 MtotoWaKibosho
Mzee Kobe, na mimi ndiye Mchaga bila duka 😄

#14 Mtrahi_Maskati
Niko Muscat mwaka wa tisa, kazini nimezungukwa na Wamalabari, watu wa Kerala. Kila Onam, sikukuu yao ya mavuno, mwezi wa nane au wa tisa, wanatualika. Chakula chao wanakiita sadya, kinapakuliwa kwenye jani la mgomba. Aina za vyakula zinafika ishirini na zaidi, zote bila nyama. Sheria zake ni hizi nilizofundishwa:

Ile ncha nyembamba ya jani inaelekea mkono wako wa kushoto. Chumvi, achari, chipsi za ndizi na vitu vidogo vidogo vinakaa juu upande wa kushoto. Wali unamwagwa chini, mbele yako. Kwanza wali unakula na dengu na samli, halafu sambar ambayo ni mchuzi wa mboga, halafu payasam ambayo ni kama uji mtamu wa maziwa au tui na sukari guru, halafu supu nyembamba kali wanaita rasam, mwisho maziwa ya mgando. Usianze mpaka wote wamepakuliwa, na usiinuke kabla ya mzee wa mstari wenu.

Na kule kusini mkono unaingia wote, unavuruga wali na mchuzi kwa kiganja. Nilipokwenda Delhi nikala hivyo hivyo, wenyeji wakanitazama. Kaskazini chakula hakipiti pingili ya pili ya vidole, kiganja kinabaki kikavu.

Ukimaliza, kunja jani. Lile nusu la juu lilete chini upande wako. Maana yake umeshiba na umeridhika. Ukilikunja kwenda mbele, umefanya kama msibani.

#15 NesiMstaafu
Chennai niliambiwa hivyo hivyo kuhusu msibani. Ila sababu niliyopewa ni nyingine: ukikunja kuja kwako unamwambia mwenyeji kwamba uhusiano wetu unaendelea, nitarudi.

#16 Mtrahi_Maskati
Nesi, mimi mpishi wetu aliniambia ni ili mabaki yasimwagikie wa mbele wakati wa kukusanya majani. Kila mtu ana yake. Lakini kunja.

#17 Kalamu_ya_Voi
Wakenya mko wapi? Kama unataka kujifunza kula na Wahindi bila kupanda ndege, simama Makindu, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Hekalu la Makalasinga, limejengwa 1926 na mafundi waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli. Chakula bure kwa kila msafiri, wa dini yoyote. Mimi dereva wa lori, nimekula hapo mara nyingi sana. Unavua viatu, unafunga kitambaa kichwani, vitambaa viko hapo hapo. Chapati, dengu, wali, chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Sheria ni moja kubwa: chukua unachoweza kumaliza. Kubakisha pale ni aibu, maana kuna mtu amejitolea kupika.

#18 DawaYaMoto
Huo mpango wao unaitwa langar. Niliwahi kwenda Amritsar, hekalu lao kuu lenye kuta za dhahabu. Wanalisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, usiku na mchana. Unakaa chini kwenye mstari, tajiri na mwombaji bega kwa bega. Chapati ikifika unaipokea kwa mikono miwili iliyofunguliwa, hauichukui na vidole, ni zawadi. Mimi nilinyoosha mkono mmoja, mzee akasimama tu mbele yangu akingoja mpaka nikaleta na wa pili.

#19 Mzizi_Mkavu
Na huo mstari umeanzishwa na maguru wao kwa makusudi ya kuvunja tabaka. Mtu akikaa karibu na yeyote na kula kilichopikwa na yeyote, basi lile tabaka limekufia pale. Mnaona kwamba hili jambo la kula na nani ndilo kiini?

#20 DawaYaMoto
Mkuu, hapo nimekuelewa. Lakini hata langar kila mtu ana sahani yake ya chuma 😄

#21 Shosti_wa_Upanga
Mimi naomba niongelee kushiba. Nenda kwenye hoteli za Kigujarati, Ahmedabad au hata hapa Dar. Unaletewa sinia lenye vibakuli vidogo vidogo, wanaita thali. Wahudumu wanapita wanaongeza. Ukimaliza kibakuli, kinajazwa. Mimi nilidhani adabu ni kumaliza kila nilichowekewa, wao wanadhani adabu ni kujaza kila kilichomalizwa. Niliumwa tumbo. Dawa yake ni kufunika sahani kwa kiganja kabla upawa haujafika na kusema "bas".

Nyumbani kwa watu ni vigumu zaidi. Kukataa mara ya kwanza ni heshima tu, hawakuamini. Mara ya pili vile vile. Kwa hiyo anza kukataa mapema, ukiwa bado una nafasi ya mara mbili tumboni.

#22 BintiMakadara
"Bas" ndiyo basi yetu hiyo hiyo! Bibi alikuwa akimwambia Mhindi wa duka "basi basi" na wanaelewana.

#23 KobeMzee
Asili yake ni Kiajemi. Wao waliichukua, na sisi tukaichukua, kama achari.

#24 MkulimaBabati
Nimesoma mpaka hapa kimya. Kijana wa #1, hizo dengu ulizokula na wali, zilikuwa za njano, laini, zimepondeka?

#25 MtotoWaKibosho
Ndiyo mkuu, za njano.

#26 MkulimaBabati
Basi si dengu. Ni mbaazi zilizokobolewa. Wao wanaita toor. Hata hiyo sambar ya Mtrahi #14 inapikwa na mbaazi hizo hizo. Sisi huku Babati, na wenzetu wa Lindi na Mtwara, tunalima kwa ajili yao. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje bei ikaanguka, mimi gunia zilinikalia ndani mpaka zikaingia wadudu. Wengine walilisha mifugo. Kwa hiyo ukikaa tena mezani pale, kula ukijua kuna jasho la kwenu kwenye lile bakuli. Na usibakishe.

#27 Kalamu_ya_Voi
Pole sana mzee.

#28 Shosti_wa_Upanga
Pole mkuu, nakumbuka mwaka ule.

#29 TumboJoto
Mbona hakuna aliyemwambia kijana kuhusu nyama? Usibebe chochote chenye nyama kuingia nyumba ya watu kabla hujauliza. Na yai kwao linahesabiwa kwenye nyama, kwa hiyo keki ya kawaida inaweza kuwa kosa. Angalia paketi: doti ya kijani ndani ya mraba wa kijani ni mboga tupu, alama ya kahawia ina nyama au yai. Iko kwenye kila chakula cha paketi.

Wajain, wafuasi wa dini nyingine ya huko India, wanakwenda mbali zaidi: hawali kitunguu, kitunguu saumu, viazi wala karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi kunaua mmea wote na wadudu walio kwenye udongo. Wengi wao hawali jua likishazama. Mimi nilifukuzwa chumba nilichopanga kwa kukaanga samaki, mwenye nyumba Mjain alisikia harufu kutoka ghorofa ya juu. Nilikasirika wakati ule. Sasa naona ningeuliza kabla ya kulipa kodi.

#30 DawaYaMoto
Na msidhani Wahindi wote hawali nyama. Wengi wanakula kuku, samaki na mbuzi. Kerala na Goa hata ng'ombe analiwa. Maharashtra alipo kijana, ng'ombe ni marufuku kisheria, na tangu 2015 hata fahali na maksai.

#31 BintiMakadara
Badala ya vitunguu hao wanatia nini, chakula kinukie?

#32 Shosti_wa_Upanga
Mvuje!

#33 BintiMakadara
Mvuje huu tunaowafunga watoto wachanga mkononi wasipatwe na jicho? Unaliwa?

#34 Shosti_wa_Upanga
Huo huo. Chembe ndogo kwenye samli ya moto, harufu inageuka, inakuwa kama kitunguu kilichokaangwa. Jaribu na mbaazi.

#35 NesiMstaafu
Turudi kwa yule mama, kijana aliuliza mambo mawili na la pili tumelipita. Mama kutokaa si kwa sababu yako. Nyumba nyingi mpishi anakula mwisho. Chapati inatakiwa ifike imevimba, na anayezichoma hawezi kukaa. Mgeni ni mungu, wana msemo wa kale kabisa kuhusu hilo, "atithi devo bhava".

#36 Mwanaharakati_Tz
Dada Nesi, kwa heshima, chapati ya moto ni kisingizio. Wanaume wa nyumba ile walikaa. Bibi alikaa. Anayebaki amesimama ni mke wa mtoto wa kiume. Na kwetu je? Mama yangu Tanga alikula jikoni, chungu kikiwa kitupu, na sisi tuliita hiyo heshima. Kijana, Jumapili simama ukamsaidie.

#37 Mtrahi_Maskati
Asisimame! Nyumba nyingine jikoni ndiko kwenye madhabahu yao, mgeni haingii hivi hivi. Aulize kwanza.

#38 KobeMzee
Wote hamjataja kufunga. Kwanza mumuulize ilikuwa tarehe gani.

#39 Kalamu_ya_Voi
Mzee naye anaanza na tarehe 😄

#40 MtotoWaKibosho
Wakuu, nimerudi. Leo nilikwenda. Nilibeba ndizi na mithai ya maziwa wanaiita pedha, ya dukani, nikaangalia doti ya kijani. Nilipakuliwa, sikuchovya popote.

Mzee Kobe amepatia. Nilimuuliza mama kupitia rafiki yangu, akacheka sana. Jumapili ile ilikuwa Ekadashi, siku ya mfungo, ya kumi na moja katika kila nusu ya mwezi wao. Yeye hali nafaka wala kunde siku hiyo. Alikuwa amekula asubuhi punje nyeupe laini zilizokaangwa na karanga, wanaita sabudana.

Ila leo hakufunga, na bado alikula baada yetu wote. Nilimwomba akae, bibi akamwambia neno kwa Kimarathi, akakaa dakika mbili, akainuka tena.

Kuhusu bakuli nikauliza pia. Baba akasema waliliondoa kwa sababu biringanya ilikuwa kali mno kwa mgeni. Bibi akasema ni ushta, hakupindisha. Rafiki yangu akasema lilikuwa limepoa tu. Wakaanza kubishana wenyewe.

#41 Mzizi_Mkavu
Bibi ndiye anayejua.

#42 DawaYaMoto
Hata mimi namwamini bibi, ila kasema ni nini. Kwa nini, hajasema.

#43 Mwanaharakati_Tz
Nimeisoma ile ya dakika mbili mara kadhaa. Bibi alimwambia nini?

#44 MtotoWaKibosho
Rafiki yangu alitafsiri kuwa ni "kaa basi, mtoto anakuomba". Zaidi ya hapo sijui.

#45 MkulimaBabati
Hizo punje nyeupe ni za nini?

#46 Mtrahi_Maskati
Muhogo. Wanakamua wanga wa muhogo, wanauviringisha punje punje na kuukausha. Viwanda viko Tamil Nadu, upande wa Salem. Muhogo si nafaka, ndiyo maana unaruhusiwa kwenye mfungo.

#47 MkulimaBabati
Muhogo! Na huo tunao.

#48 MtotoWaKibosho
Mama kanifungia hizo sabudana kwenye kopo la chuma nije nazo hosteli. Zinalowekwa usiku kucha, halafu samli, binzari nyembamba, pilipili mbichi, viazi, karanga za kusaga. Nimemaliza. Kopo lake ninalo hapa. Nilirudishe vipi?

#49 BintiMakadara
Si tupu! Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu.

#50 NesiMstaafu
Kwao pia. Chennai nilirudisha bakuli likiwa na sukari tu ndani, yule mama akanishika mikono yote miwili.

#51 Shosti_wa_Upanga
Tia vitumbua. Unga wa mchele, tui, hiliki, sukari, hamira, yai halimo. Na chuma chake kipo madukani hapo Pune, chenye vishimo vile vile, waulize "appe patra".

#52 MtotoWaKibosho
Nakwenda kukitafuta kesho baada ya kipindi. Tui la paketi linafaa?

#53 Shosti_wa_Upanga
Linafaa. Usilizidishe maji.